Leseni ninayo, mbona naambiwa niondoe mali zilizo nje?

Swali: Mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi Kinyerezi, Dar es Salaam. Kiwanja ni changu, mita 30 kwa 40, kimepimwa, na hati inasema matumizi ni makazi na biashara. Ndani nina duka. Nje naweka mchanga, kokoto, nondo, mirunda, matangi ya maji na makontena mawili ya futi 20, moja stoo ya saruji na jingine ofisi. Jirani amelalamika, na halmashauri imeniletea notisi ya siku 14 niondoe vyote vilivyo nje. Leseni ya biashara ninayo, kodi nalipa, sidaiwi kitu. Je, wana haki hiyo? Na nikikodi eneo la viwanda, nitakuwa huru kuweka nje chochote ninachotaka?

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa usumbufu. Kwa maelezo yako, halmashauri inayo mamlaka ya kukuandikia notisi hiyo. Kama kila kitu kilichotajwa ndani yake lazima kiondoke au la, hilo ni jambo jingine, na nitakuonyesha ni vitu gani unaweza kuvitetea. Ama swali lako la pili, jibu ni hapana: eneo la viwanda linakupa nafasi zaidi, lakini lina masharti yake, na mengine ni makali kuliko hayo yaliyokukuta Kinyerezi.

Kwanza tutenganishe leseni na ardhi. Leseni yako imetolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya 1972. Inasema wewe unaruhusiwa kuuza vifaa vya ujenzi. Haisemi kipande chako cha ardhi kinaruhusiwa kubeba nini. Ardhi ina sheria zake: Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ambayo ndiyo inayobeba masharti yaliyoandikwa kwenye hati yako, na Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007, ambayo inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Chini ya sheria hiyo ya pili, kuendeleza ardhi si kujenga peke yake. Kubadili matumizi ya kiwanja kwa kiasi kinachoonekana nako ni kuendeleza, na kunahitaji kibali.

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi wanaponaswa. Mtu anasema: sijachimba msingi, sijapandisha ukuta, nimeweka mali yangu tu chini. Lakini kokoto za malori kadhaa zikikaa mahali pamoja mwaka mzima, zinapungua na kujazwa tena, malori yanaingia alfajiri na kutoka usiku, hayo ni matumizi ya ardhi kama jengo lilivyo. Mpangamiji anaposimama getini kwako hatazami kama kuna zege. Anatazama kiwanja kinafanya kazi gani.

Maneno "makazi na biashara" kwenye hati yana historia yake. Dar es Salaam imepangwa na mipango kabambe ya mwaka 1949, 1968 na 1979, kisha mji ukakua kwa kasi kuliko karatasi zote hizo. Sehemu kubwa ya maeneo ya pembezoni watu walijenga kwanza, michoro ikafuata. Viwanja vya kando ya barabara za mitaa vikapewa matumizi ya makazi na biashara kwa sababu ndivyo watu walivyoishi: duka chini, familia juu au nyuma, saluni, duka la dawa, vifaa vya ujenzi vya rejareja. Yaani biashara ambayo jirani anaweza kulala ukuta mmoja nayo. Yadi haikuwamo katika fikra hiyo. Yadi, ghala la wazi, maegesho ya malori na karakana vina makundi yake katika kanuni za matumizi ya ardhi, na mara nyingi vinawekwa pamoja na maghala au viwanda vidogo.

Kwa hiyo swali la kitaalamu katika kesi yako ni hili: je, kuweka mali nje ni nyongeza ya duka lako, au duka ndilo limekuwa nyongeza ya yadi? Njia yangu ya kupima ni rahisi. Lifute duka kwa mawazo. Kama wateja wangeendelea kuja na malori kuchukua mchanga na nondo kana kwamba hakuna kilichotokea, basi kiwanja kimeshakuwa yadi. Kama bila duka vile vya nje visingekuwa na maana, hapo una hoja ya kusema ni sehemu ya biashara uliyoruhusiwa. Angalia pia eneo lenyewe: vya nje vinachukua sehemu gani ya kiwanja, vinalala hapo au vinatolewa asubuhi na kurudishwa ndani jioni, na vinaonekana kutoka barabarani au vimefichwa na ukuta.

Tukivipitia kimoja kimoja, matangi ya plastiki matano yaliyopangwa mbele ya duka kama sampuli hayanitishi hata kidogo, na sidhani kama ofisa yeyote mwenye busara atayashupalia. Mirunda michache iliyosimamishwa ubavuni, vivyo hivyo. Nondo inategemea wingi. Fungu moja la kuuzia rejareja si sawa na tani kadhaa zinazoshushwa na semi-trela. Mchanga na kokoto ni vigumu kuvitetea, kwa sababu haviuziki bila lori na havikai bila vumbi. Makontena yana shida nyingine kabisa. Kontena ukishalifungua mlango, ukaliingizia umeme na kuweka meza, ofisa wa majengo atalitazama kama jengo lililowekwa bila kibali cha ujenzi, hata kama linaweza kunyanyuliwa kesho. La saruji ni stoo, la ofisi ni ofisi. Ukiniuliza lipi litaanza kuondolewa, nitakuambia ni makontena, kwa sababu ndiyo mepesi kuthibitisha.

Sasa nikwambie kwa nini jirani ana haki ya kusikilizwa, maana naona katika swali lako umemtaja kama chanzo cha matatizo. Kitu kilichowekwa nje hakibaki kwako. Chukua mvua. Kiwanja chako ni mita za mraba 1,200. Mvua ya milimita 50, ambayo wakati wa masika haishangazi mtu Dar es Salaam, inamwaga juu yake lita 60,000 za maji. Zamani sehemu ya maji hayo ilizama ardhini. Sasa ardhi imeshindiliwa na magurudumu ya malori, haimezi kitu, na maji yanatafuta njia yakiwa yamebeba mchanga wako. Mchanga unaishia kwenye mtaro wa mtaa, mtaro unajaa, na maji yanaingia sebuleni kwa mtu ambaye hajawahi kununua hata mfuko mmoja kwako. Nimesimama kwenye mitaro kama hiyo; ukichota tope lililoziba kalavati unaona punje za kokoto za inchi robo tatu, safi kabisa, na unajua moja kwa moja zimetoka yadi gani.

Vumbi nalo lina majira. Kusi ikivuma, lundo lililo upande wa kusini wa kiwanja linahamia kwa majirani wa kaskazini kidogo kidogo kila siku. Kaskazi ikirudi, mambo yanageuka. Mtu anayefua nguo, mwenye mtoto wa pumu, mama lishe anayepika nje, wote wanakuwa wateja wako bila kupenda. Pande tatu za ukuta wa matofali kuzunguka lundo, turubai juu yake na kumwagia maji kabla ya kupakia hupunguza sana tabu hii. Gharama yake ni ndogo kuliko faini.

Halafu kuna mbu. Matangi yasiyo na mifuniko, matairi, ndoo, turubai lililobonyea katikati, yote hushika maji safi ya mvua, na hayo ndiyo maji anayoyapenda Aedes, mbu anayeeneza homa ya dengi. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi na kuanguliwa maji yakirudi. Dar es Salaam iliugua dengi mwaka 2014 na tena 2019. Ofisa afya ana uwezo wake mwenyewe chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 kuagiza chanzo cha mazalia kiondolewe, bila kusubiri mpangamiji aamue kama yadi yako ni halali. Hilo watu hulisahau: unaweza kuwa na kibali cha matumizi ya ardhi mkononi na bado ukaandikiwa na ofisa afya.

Yapo mambo matatu ambayo hayana mjadala, nawe uyakague leo kabla hujaandika barua yoyote.

La kwanza ni hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mikoa, chini ya Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007 na kanuni zake za 2009, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na upana wake unausoma kwenye mchoro wa mipango miji wa eneo lako. Chukua futi, pima. Wengi wanaamini ukuta wao ndio mpaka, na kile kipande kati ya ukuta na lami ni "mbele ya duka langu". Si mbele ya duka lako. Kama hata nondo moja imelala hapo, iondoe usiku huu, kwa sababu hakuna kibali cha halmashauri kitakachoitetea, na ikibaki itakuharibia hoja nyingine zote.

La pili ni mto. Kinyerezi ina mabonde na vijito vinavyoshuka kuelekea Msimbazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au fukwe ya bahari. Kijito kinachokauka kiangazi kisikudanganye. Ukiweka mchanga kando yake, mvua ya kwanza ya masika itaupeleka mtoni wote, na hapo utakuwa unashughulika na NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira.

La tatu ni nyaya. Kwenu kuna mitambo ya kufua umeme kwa gesi, na kutoka hapo kuna njia za umeme mkubwa na miundombinu ya gesi. Eneo lililo chini ya nyaya huwa wazi, tambarare, na linamshawishi kila mwenye yadi. Nondo moja ina urefu wa mita 12. Ikinyanyuliwa wima na kreni, au fundi akiisimamisha ili aigeuze, inafika mahali ambapo umeme hauhitaji hata kuguswa ili uruke. Chini ya nyaya za umeme mkubwa na juu ya njia ya bomba la gesi, usiweke chochote, hata kwa muda, hata kama mlinzi wa eneo amekuambia hakuna neno.

Turudi kwenye notisi yako. Isome tena polepole, ukitafuta mambo manne: imetaja sheria gani, imesainiwa na nani, inataja vitu gani, na siku 14 zinaanza kuhesabiwa lini. Kama imesema tu "uondoe vitu vyote" bila kutaja sheria wala kosa, una haki ya kuandika kuomba ufafanuzi. Andika barua kwa Mkurugenzi, nakala kwa ofisa mipango miji na mtendaji wa kata, ndani ya siku tatu au nne za mwanzo. Usiende kwa mdomo peke yake. Katika barua hiyo usiseme una leseni na unalipa kodi, hilo hawalipingi. Sema umepokea notisi, umeondoa yaliyokuwa kwenye hifadhi ya barabara, umefunika mchanga, unaomba wataalamu waje wakague, na unaomba muda wa kuhamisha yaliyobaki kwa ratiba unayoiambatanisha. Piga picha kabla na baada. Ratiba yenye tarehe ina nguvu kuliko kurasa mbili za malalamiko.

Usikimbilie mahakamani kwa hasira. Kuishtaki halmashauri kwa kawaida kunatanguliwa na notisi ya siku 90, na notisi yako ya siku 14 haitazisubiri. Kuna njia za dharura za kuomba zuio, lakini mwanasheria wako atataka kujua kwanza kama una haki ya kulindwa, na kwa mchanga na kokoto kwenye kiwanja cha makazi na biashara, sioni haki hiyo. Kwa duka na sampuli zake, naiona.

Na zungumza na jirani. Si kwa kumtumia mtu, nenda mwenyewe, au mkutane kwenye ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mwenyekiti. Malalamiko ya jirani yakipungua, ofisa anapata nafasi ya kukuongezea siku. Yakiendelea, hana.

Kuna rafiki atakayekushauri ubadilishe matumizi ya kiwanja na mambo yaishe. Utaratibu upo. Unaomba kwa halmashauri ukiambatanisha nakala ya hati na risiti za kodi ya pango la ardhi. Unaweka bango kiwanjani na tangazo gazetini ili wenye pingamizi waseme. Wataalamu wanatembelea eneo. Ombi linapita Kamati ya Mipangomiji na Mazingira ya halmashauri, kisha linakwenda mbele kwa idhini. Likikubaliwa unarudisha hati ya zamani na kupewa mpya yenye matumizi mapya na kiwango kipya cha kodi ya pango. Ukiamua kuufuata, tumia mpangamiji aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji, siyo mtu wa kushinda nje ya ofisi za ardhi na bahasha.

Lakini mimi nisingekushauri. Pingamizi la jirani limeshajulikana, mtaa ni wa makazi, na kiwanja chenyewe ni kidogo kuliko unavyodhani. Hebu tukichore. Mita 30 mbele, 40 kwenda nyuma. Acha mita 5 mbele bila mali, kwa wateja na kwa macho ya barabarani. Acha mita 3 pembeni kila upande na 3 nyuma, ili moto wa kwako usiruke kwa jirani na ukuta usibebe uzito wa kokoto. Umebaki na mita 24 kwa 32, yaani mita za mraba 768. Toa duka, tuseme 8 kwa 12: zimebaki 672. Toa njia ya gari ya mita 4 inayofika nyuma, kwa sababu gari la zimamoto lazima lipite siku likihitajika: zimebaki 544. Toa mahali pa kugeuzia lori, angalau 12 kwa 12: zimebaki 400. Theluthi moja ya kiwanja. Na semi-trela ya nondo bado haitageuka humo. Itarudi kinyumenyume barabarani, ikisimamisha bodaboda na daladala. Vipimo hivi ni vya kwangu vya kupangia, siyo vya kifungu cha sheria, lakini yeyote atakayekagua ombi lako atafanya hesabu inayofanana nayo.

Ningekuwa wewe, ningeliacha duka Kinyerezi likiwa na sampuli, bidhaa ndogo na saruji ya kuuza rejareja ndani ya stoo ya kujengwa kwa kibali. Mchanga, kokoto, nondo za jumla na makontena ningevipeleka kwenye yadi halali, mteja alipe dukani na mzigo upakiwe huko. Wauzaji wengi wa vifaa vya ujenzi hufanya hivyo, na mteja hajali mchanga umepakiwa wapi mradi umefika site.

Basi tuje kwenye eneo la viwanda. Iwe ni kando ya Barabara ya Nyerere na Vingunguti, Mikocheni, Mbagala, au nje ya jiji mkoani Pwani, jambo la kwanza ni kutazama ni viwanda vya aina gani. Eneo la viwanda vidogo halipokei kila kinachopokelewa na eneo la viwanda vikubwa. Kisha masharti yanagawanyika kulingana na unachoweka, na hapa wewe una bahati: mchanga, kokoto na nondo ni mali tulivu. Utaombwa uzio, sakafu inayomwaga maji mahali panapoeleweka, na mpangilio wa magari. Eneo la kazi litasajiliwa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, chini ya Sheria Na. 5 ya 2003, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji watakagua na kutoa cheti.

Uzio wenyewe una hesabu yake. Kontena moja la kawaida lina kimo cha mita 2.59. Ukuta wa mita 2.4 haulifichi hata likiwa peke yake, na ukipandisha mawili umefika zaidi ya mita 5. Mimi huwashauri watu kwamba lundo lililo karibu na uzio lisizidi kimo cha uzio, na linaloongezeka kimo lisogezwe ndani. Si suala la urembo tu. Upepo wa mvua za vuli unaweza kuliangusha kontena tupu lililopandishwa juu ya jingine bila kufungwa kwa kufuli za pembe, na likianguka upande wa nje linaangukia watu wanaopita.

Ugumu unaanza pale yadi inapopanua biashara bila kufikiri. Leo nondo, kesho kutwa unapokea mapipa ya dizeli kwa ajili ya malori yako, baada ya hapo betri chakavu ambazo mtu amekuachia, kisha vyuma chakavu. Kila kimoja kinakupeleka ofisi nyingine. Mafuta yanakupeleka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na zimamoto. Kemikali za viwandani, ikiwemo tindikali, zinakupeleka Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Betri na vyuma chakavu vinakupeleka NEMC, kwa sababu vinaangukia kwenye udhibiti wa taka hatarishi na kibali chake ni tofauti na leseni yako ya biashara. Usiruhusu hata betri moja ilale yadini kwako kwa hisani. Madini ya risasi yaliyomo ndani yake hudhuru ubongo wa mtoto kwa kiasi kidogo sana, na yanakaa kwenye udongo miaka na miaka baada ya wewe kuhama.

Kama lazima uweke mafuta au kilainishi, yawe juu ya sakafu ya zege yenye kingo zinazozunguka, chini ya paa, mbali na mtaro. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba kingo hizo ziweze kushika asilimia 110 ya chombo kikubwa kilichomo. Pipa la lita 200 linahitaji beseni la zege la lita 220. Ni kazi ya fundi ya siku mbili, na ndiyo inayotofautisha pipa lililotoboka na kisima cha mtaa kilichoharibika. Ningependa kila yadi ya jiji hili iwe na kibeseni hicho, maana maelfu ya watu wetu wanakunywa maji ya visima vilivyochimbwa mita chache kutoka kwenye karakana na maegesho ya malori.

Kuhusu mazingira, uliza mapema kama mradi wako unahitaji Tathmini ya Athari kwa Mazingira na kwa ngazi gani. Tangu marekebisho ya kanuni ya mwaka 2018, miradi imegawanywa katika makundi, na yadi ndogo ya mchanga na nondo haitatazamwa kama kiwanda cha kuyeyusha chuma. Usilipe mshauri kukufanyia tathmini kubwa kabla NEMC haijakwambia mradi wako uko kundi gani.

Lililobaki ni mkataba wa upangaji, na hili nakuomba ulishike kweli. Kabla hujalipa hata shilingi ya kodi, muombe mwenye eneo nakala ya hati, fanya upekuzi rasmi ofisi ya ardhi, kisha nenda ofisi ya mipango miji na namba ya kiwanja na kitalu, uone kwenye mchoro matumizi yaliyoandikwa. Wapo wenye viwanja wanaokodisha "yadi ya viwanda" ambayo hati yake ni ya makazi, na notisi ikija inamkuta mpangaji ndiye mwenye mali chini. Ndani ya mkataba andikeni waziwazi matumizi: uhifadhi wa vifaa vya ujenzi mahali pa wazi, upakiaji na upakuaji. Andikeni nani anajenga mtaro na uzio, nani anaomba vibali, na kwamba kibali kikikataliwa kwa sababu ya matumizi ya kiwanja, mkataba unavunjika na fedha zako zinarudi. Na kama mwenye eneo anataka miezi sita au mwaka mkononi, mkubaliane kwamba kodi inaanza kuhesabiwa siku vibali vitakapotoka, siyo siku utakaposaini.